Bastola Ndogo ya Shabaha: Asili Yake na Namna ya Kuichagua



Katika chuo chetu cha ualimu wanafunzi wana desturi ya kuuliza maswali baada ya somo la historia. Siku moja, tulipokuwa tukieleza habari za misafara ya zamani, kijana mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, mtu akitaka bastola ya kulengea shabaha kwa kujifurahisha tu, wala si kwa vita wala kwa kuwinda, achague ipi?" Wenzake wakacheka, na mmoja wao akamjibu upesi kwamba bora ni ile kubwa yenye mlio wa kutisha. Sisi hatukucheka. Watu wa wilaya za Kibondo na Kasulu wameijua bunduki kwa hofu zaidi kuliko kwa mchezo, na kijana auulizaye jambo kama hili yafaa ajibiwe kwa taratibu, asije akajibiwa na watu wabaya. Tuliahidi kumjibu, na leo twatimiza ahadi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: achague ndogo. Lakini neno hilo peke yake halitoshi. Yafaa tujue kwa nini watu wenye ujuzi wa shabaha, katika nchi nyingi na kwa muda wa miaka mingi, waliziacha silaha kubwa wakachagua ndogo. Basi na tuanze mwanzo.

UPINDE WA BABU

Kabla bunduki haijafika Buha, wazee wetu walitumia pinde na mikuki. Sisi wenyewe tulipokuwa watoto, tukichunga mbuzi, tulichonga pinde ndogo za miti ya kondeni, na mishale yetu ilikuwa matete matupu yasiyo na chuma. Shabaha yetu ilikuwa shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Mwenzetu mmoja alikuwa akiuchukua kwa siri upinde wa babu yake, naye alijiona bwana kuliko sisi sote. Lakini kila alipouvuta mkono wake ulitetemeka, akauachia kabla ya kulenga, na mshale ukaenda zake majanini. Sisi wenye vijipinde vya kitoto tukalipiga shina la mgomba mara nyingi, yeye akalikosa.

Babu yake alipopata habari hakumpiga. Alimwambia tu kwamba upinde huchaguliwa kwa mkono wa mtu, na mkono hukua polepole. Maneno hayo twayakumbuka mpaka leo, maana historia ya bunduki za shabaha yathibitisha maneno ya mzee yule, ingawa hakuisoma katika kitabu.

BUNDUKI YA GUMEGUME

Bunduki zilifika upande wetu kwa njia ya misafara itokayo pwani, ikipita Tabora na mto Malagarasi hata Ujiji. Bwana Burton na Bwana Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliikuta ni mahali panapojulikana na wafanyaji biashara wa Kiarabu na Waswahili. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na bunduki ndiyo iliyoilinda.

Bunduki nyingi za siku zile zilikuwa za kushindiliwa mdomoni. Mtu humimina baruti katika mtutu, hutia kitambaa na risasi, kisha hushindilia kwa ufito. Katika bunduki ya gumegume, jiwe hupiga kipande cha chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyo nje, na moto ukapenya katika tundu dogo mpaka uifikie baruti ya ndani. Hapo ndipo risasi itokapo. Baina ya kuvuta na kulia hupita muda, mfupi lakini wa kutosha kuharibu shabaha, kwa maana mpigaji huuona moto ukiwaka mbele ya macho yake, hushituka, na mtutu huyumba. Tena moshi humfunika asione alichopiga. Silaha ya namna hii ilifaa kutisha watu walio karibu, au kupiga kundi la watu. Kwa kulenga kitu kidogo haikufaa sana.

Basi watu wakazoea kuipima bunduki kwa sauti yake. Bwana Stanley alipofika Ujiji mwezi wa Novemba 1871, akimtafuta Dakta Livingstone, watu wake walifyatua bunduki nyingi hewani kuwa salamu, na mji mzima ukajua kwamba msafara umefika. Lakini siku chache kabla ya hapo, alipokuwa akipita katika nchi ya Uha, mambo yalikuwa mengine. Watawala walimtoza hongo ya nguo, na alipokwisha kulipa kwa mmoja alidaiwa na mwingine. Alikuwa na bunduki nzuri na askari wenye silaha, akafikiri habari ya kupigana; mwisho aliona ni afadhali kulipa, kisha kupita porini usiku kimya kimya na msafara wake. Twapenda wanafunzi walitazame vema jambo hili. Hata mwenye bunduki nyingi aliona kwamba kuzifyatua kungalimharibia safari.

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, katika nchi ya Ubelgiji, wakatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba ule ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Lakini bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa chini ya ulinzi wa serikali. Kwa hiyo ulimwengu ulipokuwa umekwisha kusonga mbele, gobori lilidumu vijijini, na wahunzi wengine wakajifunza kulitengeneza wenyewe. Hata siku hizi polisi huyakamata magobori ya namna hiyo, nayo ni hatari kwa mpigaji kama kwa apigwaye, kwa kuwa mtutu usio imara waweza kupasuka mkononi.

MCHUNGAJI NA NDEGE WAKE

Yule aliyeponya ubaya wa gumegume hakuwa askari. Alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti, jina lake Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege. Aliona kwamba ndege huuona mwako wa baruti ya nje, wakaruka kabla risasi haijatoka. Akatafuta dawa yenye kulipuka kwa kupigwa tu, na mwaka 1807 akapata hati ya serikali kwa uvumbuzi wake. Kutokana na kazi yake zilipatikana fataki, vile vikofia vidogo vya shaba ambavyo wazee waliotumia bunduki za fataki walivijua sana. Muda wa kungoja ulipunguka, na mpigaji akaweza kulenga pasipo kuogopa mwako wa nje.

Kisha, mwaka 1845, fundi mmoja wa bunduki katika mji wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alifanya jambo dogo lenye matokeo makubwa. Alichukua fataki, akaibandika kijirisasi juu yake. Hapakuwa na haja ya baruti nyingine, kwa kuwa nguvu ya fataki ilitosha kukisukuma kijirisasi hicho. Watu wa mjini wakanunua bunduki na bastola za namna hii, wakawa wakilenga shabaha ndani ya nyumba na katika bustani zao. Hapo ndipo silaha ndogo ya mchezo ilipozaliwa.

Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola yenye kutumia kiasi kidogo, yaani ganda la shaba lililobeba fataki, baruti na risasi pamoja. Fataki yake ilitiwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Mwaka 1887 kampuni ya Stevens, ya Marekani pia, ikatoa kiasi kirefu kidogo kiitwacho .22 Long Rifle. Maana ya tarakimu hizo ni kwamba upana wake ni sehemu 22 katika sehemu 100 za inchi, yaani kadiri ya milimita 5.6, na risasi yake yenyewe ina uzito wa gramu 2.6 hivi. Miaka mingi imepita, bunduki kubwa zimebuniwa na kuachwa, lakini kiasi hiki kidogo kingali kikitumika duniani pote. Bei yake ni nafuu, mlio wake ni mdogo, na hakimpigi teke mpigaji.

SHULE YA SHABAHA

Katika vita vya Afrika ya Kusini, mwaka 1899 mpaka 1902, Waingereza waliona jinsi Makaburu walivyokuwa hodari wa kulenga. Jemadari wao, Lord Roberts, akawahimiza watu wa kwao wajifunze shabaha. Lakini wafanya kazi wa mijini wangejifunzia wapi, na kwa fedha gani? Jibu likawa bunduki ndogo ya .22, yenye kupigiwa katika ukumbi au uwanja mfupi. Mwaka 1901 kikaanzishwa chama cha vilabu vya wafanya kazi kwa kazi hiyo. Hivyo hata wale waliotazamia vita waliona kwamba mkono hufundishwa kwa silaha ndogo.

Upande wa bastola jambo hilo lilichukua muda. Michezo ya Olimpiki ilipoanzishwa upya katika mji wa Athens mwaka 1896, ndugu wawili Wamarekani, John Paine na Sumner Paine, walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika shindano la bastola za kijeshi, na bastola walizotumia zilikuwa kubwa. Lakini kadiri mashindano yalivyozidi kutaka wepesi na usahihi, watu wakahamia bastola ndogo. Katika Michezo ya Berlin ya 1936 bastola ndogo ya Walther, iliyotengenezwa hasa kwa mashindano, ilipata sifa kubwa.

Kisha sikieni habari za Károly Takács, askari wa nchi ya Hungaria. Alikuwa mpigaji hodari wa mkono wa kulia. Mwaka 1938, katika mazoezi ya jeshi, bomu la mkono lililipuka likauharibu mkono ule. Wengi walidhani mambo yake yamekwisha. Yeye akaanza tena kwa mkono wa kushoto, bila kuwatangazia watu, na mwaka 1939 akawa bingwa wa nchi yake. Vita Vikuu vikazuia Michezo ya 1940 na 1944. Alipofika London mwaka 1948, mwenye umri wa miaka 38, alipata pointi 580 katika 600, akavunja rekodi ya dunia na kupewa nishani ya dhahabu. Mwaka 1952 katika mji wa Helsinki akaipata tena. Katika shindano lake mpigaji alitakiwa kupiga shabaha tano, moja baada ya nyingine, kwa umbali wa meta 25, kwanza kwa nukta nane, halafu sita, mwisho nne. Bastola kubwa irukayo mkononi kila inapolia isingemwezesha mtu kufanya hivyo. Ile ndogo ilitulia, na mkono uliojifunza upya ukaweza kuitawala.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa twaweza kumjibu mwanafunzi wetu kwa sababu zilizo wazi.

Kwanza, achague kiasi cha .22. Mwanafunzi aanzaye na bastola kubwa hujifunza kuogopa. Hufumba macho na kukaza mkono kabla mlio haujatoka, na tabia hiyo ikiisha kumwingia ni shida kuiondoa. Tena viasi vya bastola kubwa ni ghali, hata mtu hupiga vichache akarudi nyumbani. Shabaha hujengwa kwa kurudia.

Pili, atazame aina ya mtambo. Ziko bastola za kiasi kimoja, ambazo hutiwa kwa mkono kila mara. Ndizo zilizotumiwa katika shindano la meta 50, ambalo liliondolewa katika Olimpiki baada ya Michezo ya Rio ya 2016. Humfundisha mtu kutopoteza hata risasi moja. Ziko za silinda izungukayo, ambazo ni rahisi kuonekana kama zina risasi au hazina. Na ziko zijitiazo risasi zenyewe, kama ile ya Colt iliyotoka mwaka 1915, ambayo baadaye iliitwa Woodsman, au ile ya Ruger iliyotoka mwaka 1949. Hizi ndizo zilizoenea zaidi katika michezo, lakini zataka uangalifu, kwa sababu risasi moja yaweza kubaki ndani ya mtutu hata baada ya kuondoa chemba ya risasi. Kwa anayeanza, sisi twapendelea ile ya kiasi kimoja.

Tatu, mpini uujaze mkono bila kuubana, na kidole kikifikie kifyatulio, ule ulimi uvutwao, pasipo kuusogeza mkono. Hili halijulikani kwa kutazama picha; ni lazima kuishika. Ni kama jembe: mpini unaomfaa jirani hulitia lengelenge kiganja chako.

Nne, uzito wa kifyatulio. Kikiwa kigumu mno, mtu huyumbisha mtutu anapovuta. Kikiwa chepesi mno, risasi hutoka kabla hajawa tayari. Sheria za mashindano ya kimataifa kwa bastola ya meta 25 huamuru kisipungue gramu 1000, yaani uzito wa kilo moja ya chumvi. Sheria hizo hizo husema bastola nzima isizidi gramu 1400, na mtutu usizidi milimita 153. Vipimo hivyo ni kiongozi kizuri hata kwa asiyeshindana.

Tano, alama za kulengea ziwe za kusogezeka, ili mwenyewe aweze kuzirekebisha risasi zikienda kushoto au kulia. Katika karatasi ya shabaha ya meta 25, duara la pointi kumi lina upana wa milimita 50, kama vidole vitatu. Kosa dogo la alama hukutoa nje ya duara hilo.

Na kama mwulizaji ni kijana, twamshauri asianze na baruti kabisa. Bastola ya upepo yenye risasi ya milimita 4.5 imekuwamo katika Olimpiki tangu 1988, na hupigwa kwa umbali wa meta 10 tu. Kanuni za kulenga ni zile zile. Lakini hata hiyo asiinunue kabla ya kuuliza polisi sheria yasemaje.

NCHI YETU NA SHERIA

Hapa yatupasa kusema wazi. Mtu wa London au Chicago aweza kuizungumza bastola kama mtu azungumzaye mpira. Sisi hatuwezi. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, na vile vya Kongo vilivyofuata mwaka 1996, vilileta wakimbizi wengi katika wilaya zetu, watu waliokimbia bunduki na waliotaka amani kama sisi. Lakini pamoja na vita, silaha zilivuka mipaka kwa siri. Wanyang'anyi wakazitumia njiani, hata ikawa magari ya abiria kusindikizwa na askari wenye bunduki. Wako wanafunzi wetu waliolala chini ya viti vya basi wakiwa watoto, mama zao wakiwafunika kwa kanga. Mtoto kama huyo akisikia mlio nyuma ya kilima, hajui kama ni mchezo.

Ndiyo sababu sheria ni sehemu ya kuchagua. Nchi za Afrika Mashariki na jirani zake zilitia sahihi mapatano ya Nairobi mwaka 2004 ili kuzuia kuenea kwa silaha ndogo, na Tanzania ilitunga sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi mwaka 2015. Mtu asiye na leseni hana ruhusa kuwa na bastola, iwe ndogo namna gani, iwe ya mchezo namna gani. Basi leseni hutangulia, bastola hufuata.

Tena mahali pa kupigia ni jambo kubwa. Risasi ya .22, ingawa ni ndogo kama punje ya mahindi, yaweza kwenda zaidi ya kilometa moja na nusu ikikosa cha kuizuia. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde. Risasi ipitayo juu ya kilima cha Kasulu yaweza kumwangukia mtu apaliliaye maharage ng'ambo ya pili, asiyejua hata kwamba kuna mtu anajifurahisha. Kwa hiyo mpigaji wa kweli hupiga mahali palipokubaliwa na serikali, penye ukingo wa udongo mrefu na mnene nyuma ya shabaha. Huichukua kila silaha kuwa ina risasi mpaka aione tupu kwa macho yake. Hauelekezi mtutu kwa mtu hata kwa mzaha. Huhesabu viasi vyake kabla na baada, na huifungia silaha pasipofikiwa na mtoto. Asiyeweza kutimiza haya, basi upinde wa matete na shina la mgomba vyamtosha, wala asione haya; jicho na pumzi hufundishwa huko vile vile.

Tulipomweleza mwanafunzi wetu mambo haya, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba alitazamia kutajiwa jina la bastola moja tu. Tulimjibu kwamba jina hupatikana dukani. Kipimo cha kuchagulia ndicho kigumu kupatikana. Mzee yule aliyemwonya mjukuu wake, mchungaji wa Uskoti na ndege wake, na askari wa Hungaria aliyebaki na mkono mmoja mzima, wote walitafuta jambo moja, yaani silaha iutiiyo mkono wa mwenyewe.

Wahenga walisema, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.